Zumari la Liwa na Tundu la Sikio

Katika liwa, ngoma ambayo watu wa asili ya pwani ya Afrika Mashariki waliivusha bahari hata ikahesabiwa kuwa urithi wa Dubai na miji jirani ya Ghuba, chombo kinachosikika juu ya ngoma zote ni zumari, ambalo wenyeji huliita surnai. Nalo lina jambo la ajabu kwa mwenye kuzingatia elimu ya sauti.

Hewa iliyomo katika mwanzi ulio wazi pande zote mbili, mathalan nai ya taarabu ya Unguja, haitetemi ovyo, bali hufuata urefu wa mwanzi wenyewe: mwanzi wa nusu mita hubeba nusu ya wimbi la mita moja, na maadamu sauti huenda mita 343 kwa sekunde hewa ikiwa na joto la nyuzi 20, mlio wake wa chini kabisa ni takriban hezi 343. Ukiuziba upande mmoja, mlio huo hushuka hadi nusu.

Basi zumari, lililozibwa juu kwa tete na midomo ya mpulizaji, lingepasa kushuka vivyo hivyo, kama ishukavyo klarineti. Lakini tundu la klarineti lina upana mmoja aghalabu, ilhali la zumari hutanuka kama pia mpaka chini, na umbo hilo huyapanga mawimbi kana kwamba pande zote zi wazi. (Joto la Dubai nalo lina sehemu yake: kwenye nyuzi 40 sauti huenda mita 355, na mlio hupanda, ingawa pumzi ya mpulizaji, yenye moto wake daima, huipunguza tofauti hiyo.)

Sikio nalo ni mwanzi, wa sentimita 2.5 hivi, uliozibwa ndani na kiwambo. Kwa hiyo huvumisha zaidi milio iliyo karibu na hezi 3,400, na ukali wa zumari umejaa milio ya namna hiyo. Wataalamu wa afya kazini huruhusu desibeli 85 kwa saa 8, na kila zinapozidi 3 muda hukatwa nusu, hata kwenye desibeli 100 zikabaki dakika 15 tu. Na chembe za usikivu zikifa hazioti tena. Wapigaji wa karibu na zumari watie vizibo vya sponji, ambavyo, mbali na kupunguza sauti, hulijaza tundu lenyewe, mvumo ule ukakosa nafasi.