Wimbi Linapopotoka, Tusikimbilie Kumlaumu Einstein

Tarehe 14 Septemba 2015 mitambo miwili ya Marekani ya kutafuta mawimbi ya mvutano, Hanford na Livingston, ilinasa mtikisiko wa sekunde 0.2 hivi kutoka kwa mashimo meusi mawili, moja lenye uzito wa majua 36 hivi na jingine 29. Yalipoungana likabaki shimo la majua 62. Majua 3 yalipotea kama mawimbi ya mvutano. Mtambo haukuupima uzito huo. Ulipatikana kwa kulinganisha mtikisiko na mawimbi yaliyokokotolewa kwa milinganyo ya Einstein, kazi ambayo kompyuta zilianza kuiweza mwaka 2005 mikononi mwa Frans Pretorius. Wimbi la kompyuta likiwa bovu, na uzito utakuwa wa kubuni.

Ubovu unaosumbua wengi ni wimbi linalopaa taratibu badala ya kurudi kwenye sifuri. Mara nyingi programu haitoi wimbi lenyewe, hutoa kasi ya kubadilika kwa badiliko lake, nayo hujumlishwa mara mbili. Kosa dogo nalo hujumlishwa mpaka likafunika kila kitu. Wanaopima matetemeko ya Bonde la Ufa, kama yale ya Karonga nchini Malawi, ng'ambo ya Ziwa Nyasa, Desemba 2009, wanaijua adha hiyo, kwa kuwa nao hujumlisha mara mbili. Atasema mtu: si uchorwe mstari ulionyooka, upunguzwe, yaishe? Hapana, kwa sababu nadharia yenyewe inatabiri kwamba muungano huacha mkengeuko mdogo wa kudumu, na anayenyoosha kwa jicho anaweza kuutupa pamoja na takataka. Kwa mitetemo yenyewe, si kwa mkengeuko huo, afadhali njia ya Reisswig na Pollney ya mwaka 2011: badala ya kujumlisha, kugawa kila mtetemo kwa masafa yake mara mbili, na kutoruhusu masafa yashuke chini ya yale ambayo mashimo hayo yanaweza kutoa.

Kuna pia mwangwi. Wimbi la ziwa pale Mbamba Bay likigonga mwamba hurudi na kuvuruga yanayokuja. Ukingo wa eneo la hesabu hufanya vivyo hivyo. Lakini kipimo kikuu ni kurudia hesabu kwa vipimo tofauti vya wavu, yaani nukta ambako hesabu hufanywa. Kwa mbinu ya daraja la nne, nafasi kati ya nukta ikipunguzwa nusu, kosa lishuke mara 16. Lisiposhuka hivyo, uzuri wa mchoro si hoja. Wanaolalamikia gharama wana haki nusu: kazi nayo huongezeka mara 16, pande tatu pamoja na muda. Ila hesabu hiyo husomeka pia kinyume: wavu wenye nafasi maradufu hugharimu sehemu moja ya 16 tu, hivyo jaribio la kujihakiki ndilo rahisi kuliko yote, mradi wavu usilegee kupita kiasi.

Mwanafunzi wa Litumbandyosi, mkoani Ruvuma, hahitaji kompyuta kubwa ili aanze. Hazina ya mawimbi ya SXS, mradi wa kuigiza miungano ya mashimo meusi kwa kompyuta, iko wazi bila malipo, na mengi yana zaidi ya kipimo kimoja cha wavu. Chukua mawili ya muungano uleule, toa moja kwa jingine, utazame kilichobaki.