Mlango Ulio Mpana

Wahenga walisema: «Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.» Ni neno la kweli kwa mwenye miguu mizima. Lakini yule aendaye kwa kiti cha magurudumu huanza kuipima nyumba pale pale mlangoni. Kizingiti kikiwa kirefu na mlango mwembamba, uzuri wa ndani wamfaa nini? Ndiyo maana kanuni za ujenzi zilizoanza kutumika Uingereza mwaka 2015 husema kwamba, halmashauri ikiagiza nyumba ya mtu wa namna hiyo, kila mlango uwe na nafasi ya sentimita 85, na pawepo mahali pa kugeuzia kiti penye upana wa sentimita 150.

Nyumba kama hiyo yataka fedha nyingi. Nani atazitoa? Tutazame jinsi watu wa nchi hiyo walivyojaribu kulijibu swali hili.

Mwaka 1946 mama mmoja, Judy Fryd, mwenye binti aliyekuwa na ulemavu wa akili, aliwaita wazazi wenzake waungane. Chama chao leo huitwa Mencap. Kila mzazi wa mtoto wa namna hiyo analo swali moja limnyimalo usingizi: «Siku tutakapokufa, mwana wetu atakaa wapi?» Mwaka 1998 Mencap iliunda shirika la Golden Lane Housing, kazi yake kuwapatia makao watu wenye ulemavu wa akili, na kuyatengeneza yapatane na mahitaji ya mwili wao.

Sadaka ni njema, lakini ni shida kununua nyumba nyingi kwa sadaka peke yake. Kwa hiyo mwaka 2013 shirika hilo liliwaomba watu mkopo, likapata pauni milioni 10, kwa ahadi ya faida ya asilimia 4 kila mwaka kwa muda wa miaka 5. Maana yake, aliyekopesha pauni 1,000 aliahidiwa pauni 40 kila mwaka, na mwisho wa muda arudishiwe zile 1,000 zake. Mwaka 2014 likakopa tena pauni milioni 11, na hati za mkopo huo ziliingizwa katika Soko la Hisa la London. Haba na haba hujaza kibaba.

Faida hiyo yatoka wapi? Yatoka katika kodi ya nyumba. Wapangaji wengi wa namna hii husaidiwa na serikali kulipa kodi, na kwa kodi hiyo shirika hutengeneza nyumba na kuwalipa waliolikopesha.

Lakini si kila aletaye fedha huleta na moyo. Mwezi wa Aprili 2019 wasimamizi wa nyumba za jamii Uingereza walitoa onyo juu ya vyama vingine vidogo. Vyama hivyo vilikodi nyumba kwa wenye mali kwa mikataba ya miaka mingi, na kodi ikawa ya kupanda kila mwaka, hali hazina yao ilikuwa haba. Chumba kikikosa mpangaji, au msaada wa serikali ukipungua, chama chabaki na deni lile lile. Hapo mwenye mali amejikinga kwa mkataba, na mlemavu ndiye aogopaye kupoteza makao.

Basi, mtu akituambia kwamba fedha zake zinatenda mema, tusimwulize faida tu. Tumwulize: mambo yakiharibika, nani atakayeumia kwanza? Ikiwa ni yule dhaifu kuliko wote, wema huo ni wa jina tu.

Nasi tusio na mamilioni tunalo la kufanya. Tujengapo, tumwambie fundi mapema apanue mlango na kushusha kizingiti. Kupima vema siku ya msingi ni rahisi kuliko kubomoa ukuta baadaye, na hakuna ajuaye ni nani wa nyumbani mwake atakayeuhitaji mlango ule.