London, Colombo na Milima ya Kericho

Mulot, soko lililo mpakani mwa Bomet na Narok kando ya mto Amala, si nchi ya chai hasa, kwa kuwa pale mahindi na ng'ombe ndio wenye enzi. Chai huanza mbele, msafiri akipanda kuelekea Bomet hata Kericho, ambako baridi huzidi. Walakini wengi wa Mulot wana jamaa wanaochuma majani kwa ujira katika mashamba makubwa, na pesa za bonasi ya wakulima wadogo hupita sokoni humo. Nao hao wote, pasipo kuulizwa, wamekuwa washiriki wa uhusiano mkongwe baina ya Uingereza na kisiwa cha Sri Lanka, kilichoitwa zamani Ceylon.

Waingereza walitwaa pwani ya kisiwa hicho kutoka kwa Waholanzi mwaka 1796, na mwaka 1815 wakafunga mkataba na wakuu wa Kandy, ufalme wa milimani ambao Wareno na Waholanzi walishindwa kuutiisha; mkataba uliahidi kuihifadhi dini ya Buddha, lakini uasi ulipozuka miaka miwili baadaye na kuzimwa kwa ukatili, heshima iliyobaki kwa wakuu wale ilikuwa haba. Kahawa ikapandwa, kisha kuanzia mwaka 1869 kutu ya majani ikaiangamiza, na chai, ambayo James Taylor alikwisha kuianza katika shamba la Loolecondera mwaka 1867, ikarithi milima ile. Mwaka 1890 Thomas Lipton, mwenye maduka ya vyakula wa Glasgow, akanunua mashamba huko.

Katika miaka ya 1920 ujuzi huo ulivuka bahari. Brooke Bond na James Finlay, kampuni zilizotajirika kwa chai ya Asia, zilifungua mashamba Kericho, katika ardhi ambayo serikali ya kikoloni iliwanyang'anya Wakipsigis. Kisha bei ikaporomoka duniani, na mwaka 1933 wazalishaji wa India, Ceylon na Indonesia ya Waholanzi wakaafikiana kupunguza mauzo ya nje. Makoloni ya Afrika Mashariki nayo yakatiwa katika mapatano hayo, upanzi mpya ukawekewa mipaka. Ajabu iliyoje! Mkipsigis aliyekwisha kunyang'anywa shamba alifungwa tena na mapatano ya watu asiowajua, wala mkulima Mwafrika hakupata kujilimia chai kwa mapana hadi miaka ya 1950.

Vita vya Pili vya Dunia navyo viliunganisha pande hizi mbili. Wajapani walipoishambulia Colombo na Trincomalee kwa ndege mnamo Aprili 1942, manowari za Uingereza zilihamishiwa Kilindini, Mombasa. Ceylon ikapata uhuru mwaka 1948, huku Waingereza wakisalia na vituo vyao vya kijeshi hadi 1957. Na sheria za ardhi za miaka 1972 na 1975 zikayataifisha mashamba makubwa, yakiwamo ya kampuni za Kiingereza, ilhali ya Kericho yalibaki salama mikononi mwao.

Leo mambo yamepinduka. Sri Lanka, ambayo mwaka 2022 ilishindwa kulipa madeni yake ya nje, ndiyo iliyotoa mnunuzi: mwaka 2023 kampuni ya Browns ya Colombo ilinunua mashamba ya Finlay nchini Kenya, yaliyokuwa mali ya Swire ya London, na asilimia 15 ya hisa ikatengewa ushirika wa wenyeji; mwaka uliofuata kampuni ya Lipton nayo ikatangaza kuiuzia Browns mashamba yake ya Kenya. Mwanachama wa ushirika anahitaji kujua kama hisa hizo zitamtia pesa mfukoni, na mchumaji, aliyezoea kukata kwa vidole majani mawili na chipukizi lake, anaiogopa zaidi mashine ya kuchumia, kwa maana haiulizi mwenye shamba ni Mwingereza au Msinhala. Mnamo Mei 2023 mashine kadhaa zilichomwa moto Kericho.

Nayo madai ya ardhi yameelekezwa kwa serikali ya London. Wakipsigis na ukoo wa Watalai, waliofukuzwa katika enzi ya ukoloni, waliishtaki Uingereza katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu mwaka 2022. Hivyo anayedaiwa fidia ni yule aliyetwaa ardhi, na anayevuna chai yake sasa ni mtu wa Colombo ambaye hakuwapo.