Ziara za Vyuo Kabla ya Kumwaga Wino

Takriban vijana milioni moja hucheza futiboli ya Kimarekani katika shule za sekondari za Marekani kila mwaka. Wanaofika kwenye daraja la juu la michezo ya vyuo, lenye timu zaidi ya 130, ni wachache mno. Hao ndio wanaopigiwa simu na makocha asubuhi na jioni, na ndio ambao, wakiwa na miaka 16 au 17, hukutana na swali linalozigawa familia: kijana akubali chuo cha kwanza kilichomwonyesha mapenzi, au azunguke kwanza aone vyuo vitatu, vinne au vitano ndipo atoe neno?

Uzito wa swali hilo unatokana na jinsi mchezo wenyewe ulivyojengwa. Futiboli ya Kimarekani haina akademi za klabu wala timu za vijana za kulipwa kama ilivyo kwenye soka. Ligi kuu ya kulipwa, NFL, haimpokei mchezaji mpaka ipite angalau miaka mitatu tangu amalize sekondari, na karibu wote huipitisha miaka hiyo chuoni. Anayechagua chuo, kwa hiyo, anachagua kocha atakayemlea, mfumo wa uchezaji atakaofundishwa, shahada atakayoisomea na mji atakaoishi. Akikosea anaweza kuhama, lakini msimu uliopotea haurudi.

Usajili huanza na ofa. Kocha humwambia kijana kwamba chuo kiko tayari kumlipia masomo, malazi na chakula endapo atakuja kucheza. Ofa hizo za maneno hutolewa mapema sana, nyingine kwa watoto wa kidato cha mwanzo, ilhali barua rasmi hairuhusiwi kutoka kabla ya Agosti 1 ya mwaka wa mwisho wa sekondari. Kijana akisema ndiyo kabla ya hapo, ametoa ahadi ya mdomo, na ahadi hiyo haimfungi yeye wala chuo. Kinachofunga ni saini. Hadi mwaka 2017 siku ya kusaini ilikuwa moja kubwa, Jumatano ya kwanza ya Februari. Tangu mwaka huo liliongezwa dirisha la Desemba, na sasa wengi wa wanaosakwa humwaga wino hapo.

Jambo ambalo familia nyingi huchelewa kulitambua ni kwamba si kila ofa ni nafasi. Chuo chenye nafasi 25 kinaweza kutoa ofa kwa mamia ya vijana, kikijua kwamba wengi watakwenda kwingine. Kijana anayepiga simu kusema amekubali huweza kujibiwa kwamba makocha wangependa kumwona kwanza kwenye kambi ya mazoezi, au asubiri kidogo. Maana yake ni kwamba yuko kwenye orodha ya akiba. Mojawapo ya faida za kutembelea chuo ni hii: ukaribisho wenyewe hufichua mapema kama ofa ni ya kweli.

Ziara ziko za aina mbili. Isiyo rasmi hulipiwa na familia yenyewe, nauli, hoteli na chakula, na inaweza kurudiwa mara nyingi. Chuo huruhusiwa kutoa tiketi chache za mechi na si zaidi sana. Ziara rasmi hulipiwa na chuo, humgharamia kijana pamoja na wazazi au ndugu wawili, na haizidi usiku mbili. Kwa miaka mingi NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, kilimruhusu kila kijana ziara rasmi tano tu. Kikomo hicho kiliondolewa mwaka 2023, na sasa anaweza kwenda kwenye vyuo vingi kadiri apendavyo, mara moja kwa kila chuo. Badiliko jingine lililogeuza kalenda ni lile lililoruhusu ziara rasmi kuanzia Aprili ya mwaka wa tatu wa sekondari. Zamani kijana alizunguka wakati wa msimu wa mechi au Januari. Siku hizi wikiendi za Juni ndizo zimejaa, na ahadi nyingi hutolewa kabla mwaka wa mwisho wa shule haujaanza.

Wikiendi ya ziara rasmi hupangwa saa kwa saa. Familia hufika Ijumaa mchana na kupokewa na kocha msaidizi wa nafasi anayocheza kijana. Jioni huwa na chakula cha pamoja na makocha wote na familia zao. Jumamosi asubuhi huja kikao na washauri wa masomo, halafu ziara ya chumba cha vyuma, zahanati ya timu na bweni. Kijana huvalishwa jezi kamili, kofia na viatu, akapigwa picha ambazo kabla ya usiku kuingia zitakuwa kwenye mitandao. Katika chumba cha video kocha humwonyesha mechi za msimu uliopita na kumwelekeza: hapa ndipo ungesimama wewe. Usiku kijana hukabidhiwa kwa mchezaji mwenyeji, anayemtembeza mjini bila wazazi. Jumapili asubuhi, baada ya kifungua kinywa, huitwa pamoja na wazazi ofisini kwa kocha mkuu. Huko ndiko shinikizo hufika: nafasi ipo leo, mwenzako wa jimbo la jirani anakuja wiki ijayo, unasemaje?

Kijana ambaye hajaona chuo kingine chochote hana kipimo wakati huo. Kila ukumbi wa mazoezi unang'aa, kila kocha ni mchangamfu, kila jezi inapendeza. Ni ziara ya pili na ya tatu zinazoanza kutenganisha mapambo na mambo ya msingi, kwa sababu mapambo hufanana huku mambo ya msingi yakitofautiana. Aliyetembelea vyuo vitatu hugundua kwamba chuo kimoja kilimpa mshauri wa masomo dakika kumi na kingine saa nzima. Kwamba kwingine wachezaji husita wanapoulizwa habari za kocha wao. Kwamba kozi anayotaka kusoma, tuseme uhandisi, ina vipindi vya maabara vinavyogongana na mazoezi. Maelezo ya namna hiyo hayapatikani kwenye simu ya kocha. Hutoka kwa wachezaji, hasa wale wa akiba wasio na sababu ya kupamba.

Kuna karatasi moja ambayo kila mzazi makini huiulizia: orodha ya wachezaji wa nafasi ya mwanawe, pamoja na mwaka wa masomo wa kila mmoja. Orodha ikionyesha wachezaji watatu wa mwaka wa pili mbele yake, kijana atakaa benchi muda mrefu hata kama kocha anamwimbia sifa. Ikionyesha wawili wanaomaliza, mlango uko wazi. Kulisoma jedwali hilo katika vyuo vinne tofauti kuna manufaa zaidi kuliko kuangalia nyota ambazo tovuti za usajili humpa kijana.

Pamoja na hayo, kuzunguka kuna gharama, na gharama hiyo hailingani kwa wote. Inategemea sana nafasi uwanjani. Kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mipira, husajiliwa mmoja kwa mwaka katika vyuo vingi, pengine wawili. Mmoja akitoa ahadi, mlango wa chuo hicho hufungwa kwa wengine, nao huhamia kwenye chaguo lao la pili, wakimsukuma aliyekuwa akilisubiri. Ndiyo maana makwotabeki huahidi mapema kuliko wenzao, na anayesema atatembelea vyuo sita anaweza kukuta vinne vimeshajaza. Kwa wachezaji wa mstari wa mbele, wale wenye miili mikubwa wanaowazuia wapinzani, chuo huchukua wanne au watano kila mwaka. Wao wana nafasi ya kupumua na wanafanya vyema kuitumia.

Inategemea pia kiwango cha kijana. Anayewaniwa na nchi nzima anaweza hata kuahidi, kuendelea kuzunguka na kugeuka dakika ya mwisho. Travis Hunter, aliyehesabiwa miongoni mwa vijana bora kabisa wa mwaka wake, alikuwa ameahidi Florida State kwa muda mrefu, lakini Desemba 2021 siku ya kusaini alikwenda Jackson State kwa kocha Deion Sanders. Baadaye alimfuata Colorado na mwaka 2024 akatwaa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo. Bryce Underwood aliahidi LSU mwanzoni mwa 2024, na Novemba mwaka huohuo akahamia Michigan, chuo cha jimboni kwao. Kijana mwenye ofa mbili hawezi kuishi hivyo. Kwake yeye kila wiki ya kusubiri ni wiki ambayo mwingine anaweza kuchukua nafasi, na hali hiyo imekuwa ngumu zaidi tangu 2025, vyuo vilipowekewa kikomo cha wachezaji 105 katika kikosi. Isitoshe, makocha wengi sasa hupenda kujaza mapengo kwa wachezaji wazoefu wanaohama vyuo vingine kuliko kumlea mtoto wa sekondari kwa miaka miwili.

Makocha nao hawana msimamo mmoja kuhusu ziara baada ya ahadi. Dabo Swinney wa Clemson anajulikana kwa kanuni kali: aliyeahidi haendi kutembelea kwingine, na akienda huhesabiwa kwamba hajaahidi tena. Wanaoitetea huilinganisha na uchumba, kwamba mahari ikishapokewa binti hapokei posa nyingine. Hoja hiyo ina uzito upande wa uaminifu, na ina faida ya uwazi, kwa kuwa familia hujua masharti tangu mwanzo. Kasoro yake ni kwamba ahadi hiyo haibani sawasawa. Kocha huweza kuondoka wakati wowote, na kijana ndiye anayebaki na jezi ya mtu asiyemjua.

Hilo hutokea kila mwaka. Novemba 2021 Lincoln Riley aliondoka Oklahoma ghafla kwenda USC, na baadhi ya vijana walioahidi Oklahoma wakavunja ahadi. Januari 10, 2024 Nick Saban alitangaza kustaafu Alabama, wiki chache baada ya kundi jipya kusaini. Kwotabeki Julian Sayin alikuwa ameshaanza masomo Alabama. Mwezi huohuo alihamia Ohio State. Kwa sababu hiyo familia zenye uzoefu huuliza swali moja katika kila ziara: kocha huyu akiondoka kesho, chuo hiki bado kinamfaa mwanetu? Ni swali zuri kuliko yote, na haliwezi kujibiwa na mtu ambaye alimwona kocha tu bila kuuona mji, darasa na bweni.

Umuhimu wa ziara ulionekana wazi zilipokosekana. Kuanzia Machi 2020 hadi mwisho wa Mei 2021, kwa sababu ya korona, NCAA ilipiga marufuku makocha kukutana na vijana ana kwa ana. Wengi wa waliomaliza 2021 walichagua vyuo kwa mazungumzo ya video. Baadhi ya wazazi walikodi magari wakawapeleka watoto wao kuzunguka vyuo peke yao, wakichungulia viwanja kupitia mageti bila kumsalimia kocha. Mwaka 2020 Caleb Williams, kwotabeki aliyekuwa ameshaahidi Oklahoma, aliwakusanya vijana wenzake na familia zao mjini Norman, kilipo chuo hicho, wajionee mazingira bila mwenyeji yeyote wa timu. Mwaka 2022 alimfuata Riley USC, na akashinda Heisman mwaka huo.

Kwa wanamichezo wa Afrika Mashariki hali hiyo ya kuchagua kwa mbali ndiyo ya kawaida. Tangu miaka ya 1970 wakimbiaji wa Kenya wamekwenda vyuo vya Marekani kwa ufadhili wa masomo. Miongoni mwa maarufu zaidi ni Henry Rono wa Washington State, aliyevunja rekodi nne za dunia mwaka 1978. Nauli na viza huwafanya wengi wao wafike chuoni kwa mara ya kwanza siku ya kuanza masomo. Mbadala wa ziara kwao ni neno la ndugu au jirani aliyetangulia, na anayepata maneno ya watu wawili kutoka vyuo viwili yuko mbele ya aliyesikiliza mmoja.

Fedha zimeibadili ziara yenyewe. Julai 2021 wachezaji waliruhusiwa kulipwa na makampuni kwa matumizi ya majina na picha zao, na tangu Julai 2025, kufuatia suluhu ya kesi mahakamani, vyuo huweza kuwalipa moja kwa moja. Kikomo cha mwaka wa kwanza kilikuwa takriban dola milioni 20.5 kwa chuo kwa michezo yote. Kikao cha Jumapili ofisini kwa kocha sasa huweza kuwa na tarakimu mezani, na mawakala huwashauri vijana wasikubali kabla ya kusikia chuo cha pili. Ushauri huo una mantiki ya kibiashara. Hatari yake ni kwamba ziara tatu zinaweza kugeuka mnada wa siku tatu, na mambo ambayo ziara ilikusudiwa kuyaonyesha, yaani masomo, benchi na wenzake wa chumba, yakakosa mwulizaji.

Kwa kijana wa kawaida mwenye ofa chache, utaratibu unaofaa ni kuanza na ziara zisizo rasmi kwenye vyuo vya karibu, kabla presha haijapanda, na ikiwezekana siku ya kazi badala ya siku ya mechi, wakati uwanja hauna watu na mazoezi yanaonekana yalivyo. Ziara rasmi mbili au tatu za Juni zinatosha baada ya hapo. Wapo pia wasiohitaji kuzunguka: aliyekulia kilomita chache kutoka chuoni, anayewajua wachezaji na ambaye kozi yake ipo, ameshafanya ziara zake kwa miaka kumi. Anayekataa ofa naye hushauriwa ampigie kocha simu mwenyewe na kumshukuru, kwa kuwa mchezaji akitaka kuhama huamua katika siku chache za Januari, na mara nyingi chuo kinachompokea ni kimojawapo cha vile alivyovitembelea akavikataa akiwa sekondari.