Ugali, ubugari, bugali: Herufi moja inayomtambulisha mtu mpakani

UGALI ni neno ambalo halifundishwi darasani. Mtoto hulipata jikoni, akiwa na njaa, kabla hajajua kuandika jina lake. Nadhani ndiyo sababu neno hili humsema mtu hata pale anapokuwa ameamua kunyamaza.

Ndugu msomaji unayevuka Mugina kwenda Manyovu na mizigo yako, unajua ninachozungumzia. Upande wa Tanzania, ukiagiza "ugari" kwa mama lishe, meza ya jirani hugeuza shingo. Upande huu wa Burundi, ukisema "ugali" kwa L iliyonyooka, utaulizwa ulirudi mwaka gani.

Kirundi hakina L ya asili. Ndiyo maana ndagala wa Ziwa Tanganyika, wakifika kinywani mwa Mrundi, huwa indagara. Nilizaliwa Mishamo, wilaya ya Mpanda, kwa wazazi waliokimbia mwaka 1972. Nyumbani mama alisonga ubugari, shuleni tukala ugali. Unga ulikuwa ule ule.

Lakini tukiacha L na R, lililobaki ni undugu mtupu. Chukua maneno ya Kirundi uyaweke kando ya Kiswahili: ubuntu na utu, ubugari na ugali. Pale Kirundi kinapotamka "bu", Kiswahili cha pwani kimeangusha B na kubaki na U peke yake. Wakongomani wa Uvira, ambao husema bugali, wameshika B ya kwetu na L ya Waswahili kwa mkono mmoja. Ukishuka hadi Lubumbashi utasikia bukari. Nikiwaandikia wanafunzi maneno hayo ubaoni, huwa wanacheka kwanza, kisha wanaanza kutafuta mengine wenyewe.

Vivyo hivyo kwa umutsima, jina jingine la chakula hicho hicho kwa Kirundi. Pwani ya Kenya wanasema sima, Malawi nsima, Zambia nshima. Mtu anaweza kutoka Gitega hadi Lusaka akiomba chakula kwa neno moja linalobadilika mavazi tu.

Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni kwamba mahindi na muhogo ni wageni. Mimea yote miwili asili yake ni Amerika, nayo ililetwa Afrika na Wareno katika karne zilizofuata mwaka 1500. Kabla ya hapo wazee wetu walisonga unga wa ulezi na mtama. Kwa hiyo wale wanaobishana vilabuni kama ugali halisi ni wa mahindi au wa muhogo wanagombea kiti ambacho wote wawili walikikuta kimekaliwa.

Kwa mfanyabiashara, hata hivyo, ubishi huo una bei. Dar es Salaam ukisema ugali bila kuongeza neno, umesema mahindi. Huku Rumonge na Nyanza-Lac wengi watakuelewa kuwa ni muhogo. Anayeagiza kwa simu "unga wa ugali" magunia kumi asilaumu mtu akiletewa asichokitaka. Taja sembe, kama unataka mahindi yaliyokobolewa. Taja dona, kama hayajakobolewa. Au sema wazi unga wa muhogo.

Anayepanda hadi Uganda atakutana na jina la ukoo mwingine kabisa: posho. Kwa Kiswahili posho ni chakula au fedha anayopewa mtu ya kujikimu, na wapagazi wa misafara ya karne ya 19 kati ya pwani na Ujiji walilijua vizuri. Huko Uganda wanafunzi, askari na wafungwa walilishwa unga wa mahindi kama posho, hadi jina la mgawo likawa jina la chakula chenyewe. Kenya limeganda kwenye mashine ya kusaga. Tanzania limebaki kwenye fedha, na Mtanzania akisikia habari za posho za wabunge hafikirii sufuria. Mimi neno hilo silipendi sana. Mtu aliyekulia ukimbizini akilisikia huona foleni.

Narudi kwenye L na R, maana huko ndiko kuna maumivu. Waliorudi kwa wingi mwaka 2008 na 2009 walikuta mashamba yao yana watu. Katika kikao kimoja cha ardhi nilichohudhuria, mzee mmoja aliyebaki nchini miaka yote alimsikiliza kijana wa mwenzake akieleza mipaka ya shamba la babu yake, kisha akasema: "Huyu anasema ugali. Shamba la hapa atalijuaje?" Kijana alikuwa ametaja miti, mto na majina ya majirani waliokufa. Yote hayo yalifunikwa na herufi moja, na kikao kikaahirishwa.

Upande wa pili mambo si mepesi zaidi. Waha wa Buhigwe na Kasulu ni Watanzania tangu mababu, lakini Kiha na Kirundi ni lugha zinazosikilizana, na lafudhi zao hukaribiana. Yupo Muha ninayemfahamu aliyeteremshwa kwenye basi akaulizwa vitambulisho mara mbili kwa siku moja, akiwa umbali wa saa mbili tu kutoka kwao. Aliyemteremsha alikuwa ameyasikia mazungumzo yake tu.

Jirani yangu, mama anayefuata vitenge Kigoma kila mwezi, amezaliwa hapa hapa Nyanza-Lac na hajawahi kuwa mkimbizi. Karatasi zake za kuvukia zimekamilika. Nilimwuliza kama naye hugeuziwa shingo hotelini.

"Mwalimu, mimi sigeuziwi," alinijibu. "Nikivuka naagiza ndizi."