Mzee, Feza na Dawa

Watu wengi wanasema ya kuwa mzee anakosa dawa kwa sababu watoto wake hawampendi. Pengine ni kweli. Lakini tukitazama vizuri katika nyumba za Mangobo, za Kabondo ao za Lubunga, hapa Kisangani, tutaona sababu nyingine inayotangulia: namna feza inavyoingia katika nyumba. Inafaa wapadri, waseminari na makatekista waifahamu, wasije wakahukumu bure.

Kwanza, jamaa nyingi haziishi kwa mshahara wa mwezi. Baba anabeba watu kwa pikipiki, mama anauza pondu ao makala sokoni, na feza ya leo inaliwa leo. Lakini lopitali inadai malipo siku ileile ya ugonjwa: kupimwa, dawa, kitanda. Malaria ya mtoto inadai feza mara moja, kisha mtoto anapona. Mzee mwenye damu kupanda ao ugonjwa wa sukari anahitaji dawa siku zote za maisha yake. Basi, katika nyumba ya feza kidogo, mtoto anatangulia, na mzee anangoja.

Pili, mzee mwenyewe anajua hesabu hiyo. Akiulizwa anajibu: «Mimi nimekwisha kula siku zangu, muwape watoto.» Tusikubali upesi ya kuwa huo ni uvumilivu. Amekwisha kuona ya kuwa dawa yake itaondoa chakula cha wajukuu, kwa hiyo anaficha maumivu.

Tatu, msaada wa Serikali haumfikii. Katiba ya 2006, kifungu cha 49, inawapa wazee haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Lakini pensio ya CNSS ni ya wale walioandikwa kazini na kulipiwa michango. Mama aliyelima ao kuuza sokoni maisha yote hana pensio. Mwaka 2023 Serikali ilianza mpango wa kuzalisha mama bila malipo. Ni jambo jema, lakini si kwa ajili ya mzee.

Je, kuna njia? Inchi yetu imekwisha kuonyesha moja. Mwaka 1986, kule Bwamanda katika Ubangi, kulianzishwa sanduku la afya. Jamaa zililipa mara moja kwa mwaka, wakati wa kuuza mavuno, kwa ajili ya watu wote wa nyumba. Mmoja akilazwa, sanduku lilibeba sehemu 80 kwa mia za malipo ya lopitali. Tuone hekima mbili: feza ilitolewa wakati ilipokuwapo, si wakati wa ugonjwa, tena mzee aliandikwa pamoja na watoto, bila kuombewa peke yake. Sheria ya Februari 2017 imepanga vyama vya namna hiyo katika inchi nzima.

Lakini nyumba isiyoweza kutoa hata mchango huo inabaki inje. Hapo ndipo kazi ya parokia. Mtume Paulo, akimwandikia Timoteo (1 Tim. 5), anataka watoto na wajukuu wawatunze wazee wao kwanza, na Kanisa liwasaidie wajane wasio na mtu. Anasema hata juu ya kuwaandika katika orodha. Katekista anaweza kufanya vilevile: awe na kitabu cha wazee wa mtaa wake, aulize nani amekwisha dawa, nani hawezi kuvuka mto toka Lubunga kwenda kwa munganga. Asingoje kuombwa, maana tumeona ya kuwa mzee haombi.

Neno la mwisho ni kwa ninyi mtakaokuwa wapadri. Bwana Yesu aliwakaripia wale waliowanyima baba na mama msaada, wakisema ya kuwa mali yao ni «Korbani», sadaka kwa Mungu (Mk. 7). Mkipanga michango ya parokia, muangalie vizuri: nyumba inayotoa kwa ajili ya kanisa la matofali isiwe imekata dawa ya bibi anayelala chumba cha nyuma.