Chipu ya Deki na Umeme wa Sudi

CD haina sauti ndani yake. Ina namba: 44,100 kwa kila sekunde, upande wa kulia na vivyo hivyo wa kushoto, na kila namba ni moja kati ya ngazi 65,536. Mtu wa Sudi, pwani ya Lindi, akiweka kwenye deki ile CD ya Ikhwani Safaa iliyotoka mwaka 2005, klabu hiyo ya taarab ya Zanzibar ilipotimiza miaka 100, chipu moja ndogo huzigeuza namba hizo kuwa umeme unaopanda na kushuka. Umeme huo, baada ya kukuzwa, ndio unaotikisa spika mpaka tukasikia fidla na ganuni.

Katika deki za bei kubwa chipu hii hutangazwa kabla ya kitu kingine chochote. Chipu ya Philips iitwayo TDA1541A, ya miaka ya 1980, ilijumlisha mikondo 16 ya umeme, kila mmoja maradufu ya uliotangulia. Ugumu uko hapo. Mkondo mkubwa ni mara 32,768 ya mdogo, hivyo ukipotoka kwa sehemu moja tu kati ya hizo, kosa linakuwa sawa na mkondo mdogo mzima, na zinazoumia ni sauti za chini kabisa, pale mwimbaji anapomalizia pumzi. Philips walizipima chipu hizo, na zile zilizo sahihi zaidi wakazipiga alama ya taji.

Chipu za siku hizi, kama za ESS na AKM, hutumia ngazi chache zinazobadilika mamilioni ya mara kwa sekunde. Kelele inayozaliwa husukumwa hadi masafa ya juu ambayo sikio haliyafikii, kisha chujio likaipunguza. Ni ufundi wa hali ya juu, nami nauheshimu sana.

Hata hivyo, CD yenyewe ina nafasi ya desibeli 96 hivi kati ya sauti kubwa na ndogo, na hakuna sebule ya pwani iliyo kimya kiasi cha kuimaliza. Mwenye fedha chache aanze na umeme unaoiendesha deki. Inveta ya sola ya bei rahisi hutoa wimbi la ngazi-ngazi badala ya wimbi laini, na mvumo wake huweza kuingia hadi kwenye spika. Halafu kuna hewa ya chumvi: pini za waya wa kwenda kwenye amplifaya zikishika kutu ya kijani, zima deki na amplifaya, zisugue hadi kutu itoke, zifute kwa spiriti, usikilize tena kabla ya kununua deki nyingine.